Unyenyekevu Wangu Hawauoni

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika tangu jana, ila kwa kuwa nimeokoka sitasema nimekasirika. Nimehuzunika. Nimehuzunika mpaka nimepiga meza ngumi.

Jana baada ya ibada Mwenyekiti wa ushirika wetu wa wanafunzi alitangaza kwamba anamaliza muda wake, na mrithi wake atatajwa Jumapili ya tarehe kumi na sita. Halafu akarudia utaratibu, kana kwamba sisi ni wageni. Katika ushirika wetu hakuna kura. Hakuna kugombea. Viongozi wanaoondoka wanafunga, wanaomba, wanawatazama watu kimyakimya waone nani ana tunda. Anayeonekana kuitaka nafasi, ameikosa. Mwaka juzi ndugu mmoja alikuwa amebakiza hatua moja tu, akaenda kushonesha suti mapema. Mpaka leo anaivalia mitihani.

Mimi siitaki. Naomba ieleweke hivyo hata humu ndani, ambamo hasomi mtu. Ila nimeomba sana na nimeona wazi kwamba Mungu ananitakia. Sasa nifanyeje? Nimbishie Mungu?

Tatizo ni moja tu, nalo linalala kitanda cha pili humu humu chumbani. Tunamwita Pole, kwa sababu kila mtu anampa pole. Ukijikwaa, pole. Ukipiga chafya, pole. Wiki iliyopita aligonga kiti kwa goti, akakiambia kiti pole. Anasomea udaktari wa mifugo, kuanzia Jumatano ananuka zizi, na watu wanasema ana upako. Upako! Mimi nasomea sheria, naoga asubuhi na jioni, na nimeongoza sala ya kufunga ibada kuliko mtu yeyote wa mwaka wa pili. Hakuna aliyesema nina upako. Walichosema ni kwamba naomba muda mrefu. Wananiita Wakili, na hawaniiti kwa heshima.

Mama amepiga simu mchana. Ulimi uliteleza tu, nikamwambia kuna uteuzi na kwamba mambo si mabaya. Akapiga kigelegele. Mama ni fundi cherehani, na banda lake lilikuwa limejaa wateja, nusu yao waimbaji wa kwaya ya kanisani kwetu. Nikamwambia Mama, bado hawajateua. Akasema mwanangu, Mungu hachelewi. Kufika jioni kanisa zima la nyumbani linajua. Maji nimeshayavulia nguo, sina budi kuyaoga.

Jumanne, 4 Machi

Mkakati wa kwanza: kufunga.

Maandiko yanatufundisha kwamba mtu akifunga asikunje uso mbele za watu. Anawe, ajipake mafuta, asijulikane. Hapo ndipo akili ya sheria inapoingia kazini. Mtu anayeyajua Maandiko akiuona uso ulionawa vizuri na kupakwa mafuta, si atajua mara moja kwamba mwenzake amefunga? Nimejipaka nusu kopo. Ningeweza kumulika njia.

Nimepita kantini wakati wa chakula cha mchana, polepole, nikatoka, nikapita tena. Mwenyekiti alikuwa anakula. Aliniangalia akasema nimependeza, akauliza ni harusi ya nani. Nikatabasamu kwa siri. Hakuielewa siri. Mara ya pili nikakutana na Katibu. Huyu ni dada wa mwaka wa tatu, macho yake hayapitwi na kitu, akikutazama unajisikia kama umesahau kufunga vifungo. Akauliza kama nina homa maana natoka jasho. Nikamwambia dada, hilo si jasho, ni furaha ya Bwana. Akasema basi furaha hiyo inadondokea kwenye kola.

Saa kumi, katikati ya mhadhara wa sheria ya mikataba, tumbo likanguruma. Mhadhiri alinyamaza akauliza nani ana swali.

Nikarudi chumbani nimeishiwa nguvu. Mezani palikuwa na mkate. Nikasema kipande kimoja tu, cha kunipa nguvu ya kuendelea kufunga. Pole aliingia nikiwa na kipande cha mwisho mdomoni. Akasema pole, akauliza kama nitahitaji chai ya kuushushia. Ndipo nikagundua kwamba yeye alikuwa hajala tangu Jumapili, na ule ulikuwa mkate wake wa kufungulia. Siku mbili! Hajapaka mafuta, hajapita kantini, uso mkavu kama kawaida yake. Sasa mtu akifunga kimyakimya namna hiyo, wenzake watajuaje kwamba mkate una kazi? Nimeona huo ni ubinafsi. Amelala na chai tupu.

Jumatano, 5 Machi

Kufunga ni kazi ya watu wenye matumbo ya kimya. Nimehamia kwenye matendo.

Ukumbi wetu wa ibada ni karakana ya zamani ya useremala ambayo chuo kilitupa baada ya kuwahamisha mafundi. Vumbi la mbao bado linatoka kwenye nyufa. Wakati wa sifa ukipiga makofi, viti vinatoa moshi. Kila mwaka viongozi wanasema tupange siku ya usafi, kila mwaka tunaiombea hiyo siku, na haiji. Nikasema hapa ndipo pangu. Nitausafisha peke yangu, kwa siri, mchana watu wakiwa darasani, na mlango nitauacha wazi kidogo ili siri isikose hewa.

Nimesugua tangu saa nane. Viti vyote. Madirisha. Utando wa buibui ambao nadhani uliokoka kabla yangu. Nimepiga deki mara mbili. Kila nikisikia hatua nje nilipiga magoti, nikaanza kuimba kwa sauti ya chini inayosikika. Hakupita mtu. Alipita mbuzi wa watu wa mifugo. Alisimama mlangoni, akanitazama nikiwa katika utumishi, akaenda zake. Ndiye shahidi wangu pekee, na mahakamani hafai.

Basi nikaona niache ushahidi. Kitu kidogo, kama kilichosahaulika, pale juu ya mimbari. Nilikuwa na mataulo mawili: langu jeupe, jipya, alilonipa Mama, na la Pole la kijani, ambalo nililitoa kwenye kamba kwa kufutia vumbi. Langu nililionea huruma. Taulo jeupe ukiliacha mahali pa watu wengi hulioni tena, hata kama ni watu wa Mungu. Nikaacha la Pole. Na hesabu yangu ilikuwa nzuri kabisa: wataliona, watamuuliza Pole, Pole hajui kudanganya, atasema si yeye, watajiuliza basi anakaa na nani, na jibu litakuwa mimi. Wakili aliyekomaa angenionea wivu.

Jioni Pole amelitafuta taulo lake mpaka chini ya godoro. Amejikausha kwa shati. Sikusema kitu. Siri ni siri.

Ijumaa, 7 Machi

Uonevu! Uonevu mtupu, na umefanyika mbele ya madhabahu.

Ukumbi ulikuwa unang'aa. Watu walipofika walisimama mlangoni wakidhani wamekosea jengo. Mwenyekiti akapanda mimbarini, sauti inatetemeka, akasema katikati yetu kuna mtu ametumika bila kutafuta jina. Nikainamisha kichwa. Kichwa hicho nilikuwa nimekifanyia mazoezi kwenye kioo. Akasema hatumjui ni nani, ila amesahau kitu. Akainua taulo.

Ni taulo la kijani lenye maua mekundu, aliyoyadarizi shangazi yake Pole. Kila jioni Pole analitundika shingoni kwenda bafuni. Bweni zima linalijua kuliko linavyojua ratiba ya mitihani. Watu wote wakageuka kumtazama Pole.

Pole akasimama, akasema taulo ni lake lakini hakusafisha yeye. Mtego unafanya kazi! Nikanyoosha shingo tayari. Watu wakasema ameni. Ameni ya nini? Mtu amekana! Akarudia kwamba Jumatano mchana kutwa alikuwa zizini anamzalisha ng'ombe, na mwalimu wake alikuwepo. Dada mmoja akaanza kulia. Nyuma yangu mtu akanong'ona kwamba huo ndio unyenyekevu wenyewe, mtu ametoka kumzalisha ng'ombe na bado akaja kusugua viti. Pole alipofungua mdomo mara ya tatu, kwaya ikaanzisha wimbo.

Na mimi niliimba. Ningefanyaje? Niliimba sauti ya pili huku mikono yangu ina malengelenge. Waliosema ng'ombe wa maskini hazai walikuwa wananitazama mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Chumba si chumba tena. Tangu asubuhi watu wanakuja kuombewa na Pole. Wa kwanza ana jino. Wa pili ana mchumba asiyeeleweka. Wa tatu anataka tu kumshika mkono mtumishi. Wamekaa kitandani kwangu, wamekalia vitabu vyangu vya sheria ya jinai. Dada mmoja ameniomba nisogee kidogo, nampa kivuli. Halafu akaniuliza kwa heshima kama mimi ndiye ninayeishi na mtumishi, na kama huwa ninajifunza mengi.

Najifunza mengi, dada. Najifunza kunyamaza.

Pole ana mtihani Jumatatu, mifupa yote ya farasi. Hajafungua kitabu. Anamwambia kila mgeni kwamba yeye hakusafisha ukumbi, na kila mgeni anaondoka ameguswa zaidi.

Mama amepiga tena. Atakuja Jumapili ya tarehe kumi na sita pamoja na Mama Mdogo. Wameshakata kitambaa, watavaa sare. Kanisani wamemwombea safari, na mchungaji amemtuma salamu za pongezi mkononi. Nilitaka kumwambia, Mama, hali si nzuri. Nikasikia cherehani nyuma ya sauti yake, anashona huku anaongea nami, na anaimba katikati ya sentensi. Mama hakusoma. Tangu Baba afariki ni yeye na ile cherehani, na mimi ndiye habari njema aliyo nayo ya kuwapelekea watu. Nikamwambia karibuni sana.

Kwa hiyo sasa lazima niipate. Nimeacha kuandika kwamba siitaki.

Jumapili, 9 Machi

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeukataa huo msemo. Chema changu kimekaa dukani wiki nzima, na anayepokea pongezi ni jirani.

Mkakati wa tatu: ushuhuda. Nilijua siwezi kusimama nikasema aliyesafisha ni mimi. Nikisema hivyo nimekwisha, nimeitaka nafasi hadharani. Lakini kutubu? Kutubu kunaruhusiwa. Basi nikasimama, nikashika moyo, nikasema wapendwa naomba mnisaidie kwa maombi, nina jaribu zito. Kila nikifanya jema kwa siri, natamani watu walijue. Nikatulia hapo. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza: jema lipi hilo, ndugu?

Hakuna aliyeuliza. Mwenyekiti akasema asante kwa uwazi, akawaambia watu waje wamzunguke ndugu yetu anayesumbuliwa na roho ya wivu. Wivu! Wakaja. Mikono ilikuwa mingi, mmoja unanuka kitunguu. Waliniombea kwa nguvu mpaka mshono wa bega ukaachia. Mmoja alimwambia Bwana anifundishe kufurahia mema ya mwenzangu. Na Pole alikuwa mstari wa mbele, machozi yanamtoka, amenishika mguu.

Sijawahi kuombewa hivi kwa kosa ambalo si langu.

Jumanne, 11 Machi

Pole ameanguka mtihani wa mifupa. Amerudi, amekaa kitandani na viatu vyake, jambo ambalo hafanyi. Mlango alikuwa ameufunga kwa komeo. Nje kuna mtu alibisha, akaondoka.

Halafu akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniudhi, "Taulo ulichukua wewe. Ukumbi ulisafisha wewe. Kwa nini husemi?"

Nikamwambia hajui anachoongea. Akasema anajua, kwa sababu Jumatano usiku nilikuwa natoa miba ya mbao vidoleni kwa pini. Nikamweleza basi, kama mwanasheria kwa mteja wake, kwamba mwenye tendo hawezi kulisema mwenyewe, akilisema limeharibika. Lakini mtu mwingine anaweza kulisema. Hasa mtu mwaminifu. Hasa mtu aliyelipokea kimakosa.

Akafikiri. Akasema kweli, mzigo huu si wake na hauwezi, watu wanamwita mtumishi na yeye anawadanganya kwa kukaa kimya. Kesho atakwenda kwa viongozi atawaambia ni mimi. Nikamwambia ndugu yangu, usijisumbue. Nilimwambia mara moja tu, kwa sauti ndogo, nisije nikasikika.

Mungu hamwachi mtu wake! Nimempigia Mama nikamwambia mambo yanakwenda vizuri. Akaniuliza mabega yangu yana upana gani siku hizi. Sikuuliza kwa nini.

Alhamisi, 13 Machi

Leo wameniita.

Ni kile chumba kidogo nyuma ya ukumbi ambamo mafundi walikuwa wakihifadhi misumari. Mwenyekiti, Katibu na wengine watatu, wamekaa kwenye stuli. Macho yamewaingia ndani kwa kufunga. Mwenyekiti hakuzunguka. Akasema, "Pole ametuambia aliyesafisha ukumbi ni wewe. Ni kweli?"

Hapa nataka kuweka sawa jinsi nilivyofikiri, maana nilifikiri vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nikisema ndiyo, nimejisifu, nimekwenda na maji. Na je, ni nini kilimpandisha Pole? Alikana! Alikana Ijumaa mara tatu, na kila alipokana walimwinua zaidi. Huo ni uamuzi uliokwisha kutolewa na mahakama hii hii, na wakili yeyote huenda na uamuzi uliotangulia.

Nikainamisha kichwa, nikasema, "Hapana. Si mimi."

Nikasubiri ameni. Haikuja. Nikaona labda inapanda taratibu. Katibu akasogea mbele, akauliza, "Una hakika, ndugu?"

Nikashusha kichwa zaidi, nikasema hakika kabisa, dada, mimi ni nani hata niweze kazi kubwa vile. Wakatazamana. Mwenyekiti akauliza tena, polepole sana, kana kwamba ananibembeleza, mbona Pole amesema ameviona viganja vyangu. Nikaficha viganja nyuma, nikasema nilivuna malengelenge hayo kwenye kufua. Nje jogoo akawika. Saa tisa mchana! Jogoo wengine hawana ratiba.

Kimya kikawa kikubwa. Kimya kile nakijua, ni kimya cha watu walioguswa mpaka ndani. Katibu aligeukia dirishani, nadhani alikuwa anaficha machozi. Mwenyekiti akasema haya, tumekusikia. Nikatoka kinyumenyume kwa heshima, nikapiga kichwa kwenye mlango, hata hilo nililifanya kwa upole.

Imekwisha. Nimelala mchana kwa raha.

Jumapili, 16 Machi

Sitaki kuandika. Naandika kwa sababu nikiacha nitapasuka.

Mama na Mama Mdogo walifika mapema, sare ya zambarau, wakakaa mstari wa mbele kabisa. Mama alikuwa na mfuko mapajani na hakutaka kuuweka chini. Mwenyekiti akapanda. Akasema tumefunga, tumeomba, tumetazama. Akasema Bwana ametuonyesha kijana mpole wa mwaka wa pili. Nikavuta pumzi. Akasema anakaa bweni la pili, chumba cha mwisho. Nikasimama.

Nilisimama kabla ya jina. Naomba mtu aniambie nani angebaki amekaa! Bweni langu, chumba changu! Mama aliponiona nimesimama akaruka na kigelegele, Mama Mdogo akampokea, vigelegele viwili, virefu, na kwaya ikadhani ndio ishara yao. Jina la Pole lilisomwa katikati ya kelele hizo. Mama ndiye aliyekuwa wa mwisho kunyamaza.

Sikuwa na namna ya kukaa. Ukishasimama peke yako mbele ya watu mia, kiti kinakwenda mbali. Nikaanza kupiga makofi, kama niliyesimama kumpongeza. Pole alikuwa analia, anatikisa kichwa, anasema hapana si mimi, na watu wanasema ameni. Walimbeba.

Baadaye nje Mama alifungua mfuko. Alikuwa amenishonea koti. La kijivu, limetiwa bitana ya hariri, vifungo vimefunikwa kitambaa. Alilitazama, akanitazama, akalikunja tena kwa mshono kama anavyokunja nguo ya mteja ambaye hakuja. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Akasema basi, utalivaa siku nyingine, mwanangu, na akaniuliza kama nimekula. Pole akaja kumsalimia, akamwambia pole mama. Mama akamkumbatia. Akamwambia ahsante kwa kukaa na mwanangu.

Niliumia. Nasema tu. Niliumia sana.

Jumatatu, 17 Machi

Usingizi haukuja, hasira ilikuja. Asubuhi nimekwenda kwa Katibu kukata rufaa. Nilikuwa na hoja nne, nimezipanga kwa uzito. Nimemkuta kwenye bomba la nyuma ya maktaba anajaza chupa ya maji. Nikaanza hoja ya kwanza. Akanisikiliza mpaka katikati, akafunga bomba.

Akasema, "Jina lililokuwa juu lilikuwa lako. Si la Pole."

Nikamwambia arudie. Akasema muhula uliopita, Pole alipougua na maji yamekatika bwenini, mimi nilimbebea ndoo kutoka kisimani mpaka ghorofa ya tatu kila siku mpaka akapona, nikamfulia na mashuka, na sikumwambia mtu. Waliokuwa wanaishi ghorofa ya chini waliniona nikipita. Wakalikumbuka hilo kabla ya ukumbi, kabla ya taulo, kabla ya yote. Na Pole alipokuja kusema ukumbi ni mimi, walimwamini papo hapo, maana Pole hajawahi kuwadanganya. Walichotaka ni niseme ndiyo, wamalize kikao wakale.

"Tulikuuliza mara tatu," akasema. "Ukatudanganya mara tatu. Sasa tungefanyaje?" Akachukua chupa yake, akaondoka.

Nikabaki pale na hoja tatu ambazo hazijatumika. Ile ndoo nilikuwa nimeisahau kabisa. Ni kweli nilibeba. Sasa ningefanyaje, mtu anatapika kitanda cha pili, nimruke? Hata sikuomba juu ya jambo lile. Nilikuwa natukana ngazi njia nzima.

Nikakaa kwenye ukingo wa bomba. Nikawaza sana. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu jambo hili lianze nimewaza bila haraka. Na polepole, kwa neema, nikafunguliwa macho.

Kumbe ni ndoo!

Wiki mbili nimejipaka mafuta, nimesugua viti, nimeng'olewa bega, kumbe muda wote walikuwa wanatazama ndoo! Kwa nini mtu asingetangaza? Kama kuna kipimo, wanafunzi tuambiwe kipimo, ndiyo haki yenyewe! Na Makamu Mwenyekiti anateuliwa mwisho wa mwezi. Koti lipo. Mama hajalitoa vifungo.

Nimepita bwenini mlango kwa mlango kuulizia wagonjwa. Hakuna. Ghorofa tatu, wote wazima, wengine wanafanya mazoezi ya viungo kabisa! Jamaa mmoja alikohoa nikakimbia na ndoo, kumbe kapaliwa na karanga. Msimu mzima wa baridi walikuwa wanakohoa, leo ninapowahitaji hakuna hata mafua. Watu hawa hawana ushirikiano.

Pole yupo kitandani, amechoka na pongezi, amelala fofofo mchana huu bila shuka. Upande wake ndio wenye dirisha. Nimelifungua lote. Wingu jeusi limetanda huko nyuma ya maktaba na upepo umeanza kuwa wa baridi. Ndoo mbili nimeshajaza, nimeziweka pale ngazini watu wanapopita. Bwana atatenda.